Kuku wa kununua kwa ua mdogo wa Dar: chotara wa kwanza, wa mayai wa mwisho

Vifaranga 50 wameingia bandani siku moja, wanakula chakula kimoja, lakini mwezi wa pili wengine wameshakuwa kuku na wengine bado wako kama njiwa. Lawama hutupiwa chakula. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kununua: mbegu huamua kuku anaweza kufika wapi, matunzo huamua kama atafika.

Tumewapanga kwa ajili ya mtu wa Chanika, Kivule au Bunju mwenye nafasi ya kuku 50 hadi 100 na anayetaka nyama na mayai.

1. Chotara wa mwezi mmoja

Chotara ni kuku wa mbegu zilizochanganywa; hapa tunamaanisha Kuroiler, asili yake India, na Sasso wa Ufaransa. Akilishwa vizuri, jogoo hufika kilo 2 kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Jike hubaki nyuma kidogo, na hilo si ugonjwa. Kuroiler hujitafutia zaidi uani. Sasso hujaza mwili haraka, ila anataka chakula cha dukani.

Mtego uko kwenye mayai. Chotara halisi hutotolewa kutoka kwa wazazi wa mbegu maalumu. Mwenye mashine ya kutotolea akiwapandisha chotara wenyewe kwa wenyewe, watoto hutawanyika: mmoja anamfuata babu, mwingine bibi, na ndiyo maana bandani unapata kubwa na dogo la umri mmoja. Usimuulize muuzaji "hawa ni Kuroiler?" Jibu ni ndiyo siku zote. Muulize mayai yametoka kwa wazazi gani, na kama anao, omba uwaone.

Wa mwezi mmoja ni ghali kuliko wa siku moja, lakini ameshavuka kipindi cha kupashwa joto kwa taa na chanjo za mwanzo: mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kisha marudio wiki ya 3 na ya 4. Dai tarehe zilizoandikwa. Jike wa chotara haatamii kwa uhakika, hivyo usimtegemee akutotolee.

2. Broila

Kwa nyama tu, huyu hana mshindani: wiki 5, kilo 1.5 hadi 1.8. Kuku 100 humaliza mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50. Amezaliwa kula na kukaa, kwa hiyo ukimkuta amelala kando ya chombo cha chakula usikimbilie dawa.

Adui wake Dar ni joto. Januari hadi Machi, kuku wa wiki ya 5 huanguka saa nane mchana akiwa mzima asubuhi. Weka 8 kwa mita moja ya mraba, si 12. Ondoa chakula saa nne asubuhi, rudisha jioni, na maji ya baridi yasikatike. Mteja awe amepatikana kabla ya wiki ya 5, maana siku za ziada ni mfuko mwingine.

3. Kienyeji

Kuku wa Singida utawapata Shekilango. Ni wagumu na mama wazuri, ila mayai ni 40 hadi 60 kwa mwaka. Chagua kishingo: shingo isiyo na manyoya hupoza mwili, na pwani hiyo ni faida kubwa. Kuchi ni mrefu na mgomvi, majogoo wawili hawakai banda moja. Ching'wekwe ni mdogo kwa asili. Usimlishe ukitarajia akue.

Kuku wa sokoni akae peke yake siku 14. Ukimwona ana kinyesi cha kijani au kilemba kilichopauka, mwache hapohapo sokoni.

4. Wa mayai

Hutaga zaidi ya 300 kwa mwaka, lakini yai la kwanza ni wiki ya 18 hadi 20, baada ya kula takriban kilo 7 kila mmoja. Kwa kuku 50 subira hiyo ni ndefu.

Ukishika kifaranga

Wa siku moja awe na gramu 40 hivi, kitovu kimefunga, miguu inang'aa. Mlaze chali kiganjani: mzima husimama ndani ya sekunde 3. Boksi la 100 ukilibeba kwenye daladala, lisiwekwe juu ya injini.

Nyumbani anza na nyuzi 32 hadi 34. Wakijikusanya chini ya taa, wanahisi baridi. Wakisambaa pembeni na midomo wazi, punguza joto. Usiku wa kwanza papasa kifuko cha chakula shingoni kwa vifaranga 10. Kikiwa kitupu kwa zaidi ya wawili, ongeza vyombo, kwa sababu wababe wamekaa juu ya chakula na wadogo wanasubiri. Pengo hilo la siku ya kwanza ndilo utakaloliona wiki ya 6.