Tiketi ya Dar–London: usilipe kabla ya kuhesabu saa za kusubiri

Mwaka jana nilimkatia mama tiketi ya kwenda London kumwona mjukuu. Niliangalia bei tu. Wakala akaniambia, "Hii nzuri dada, anabadilisha ndege mara moja." Kweli ilikuwa mara moja, ila baina ya ndege na ndege kulikuwa na saa 14, usiku kucha. Mama alilala kwenye viti vya chuma, vile vyenye mikono katikati, mtu huwezi kujinyoosha. Khanga moja kajifunika, ya pili kaikunja mto. Alifika miguu imevimba, viatu haviingii.

Kwa hiyo chakula na sinema za ndani ya ndege sivizungumzii. Nazungumzia kusubiri.

Dar mpaka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na ndege ya moja kwa moja hatuna tangu British Airways ilipoacha kuja mwaka 2013. Lazima ushuke mahali. Mimi namba moja ni Kenya Airways, na mapenzi yangu siyafichi. Chukua ramani uone: Nairobi iko njiani kabisa, hupindi popote. Unaruka kama saa moja na nusu, unabadilisha, kisha saa 9 hivi mpaka Heathrow. Mzee anapanda, analala, anaamka kafika.

Inafuata Ethiopian kupitia Addis Ababa, kama saa 3 kisha 8, nayo haizunguki. Turkish ya Istanbul ni saa 7 hivi halafu 4. Qatar Airways wanasifiwa sana, lakini kwenda Doha ni kupanda kaskazini mashariki ndipo urudi magharibi, jumla zaidi ya kilomita 9,000. Nitaikubali kama kusubiri hakuzidi saa 3.

Zile za bei ya chini kabisa, tiketi mbili zisizoshikana, achana nazo. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwenda na pesa yako.

Kuhesabu si kazi. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo, tena kizungu: 03:00 ni saa tisa usiku. Nairobi, Addis, Doha na Istanbul saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo tazama unatua lini na unaruka tena lini, basi. London ndiyo iko nyuma yetu, saa 3 wakati wa baridi yao, 2 wakati wa joto.

Kinachoniudhi ni mawakala wanaotuma picha WhatsApp yenye bei na tarehe, sehemu yenye saa wameikata. Ukiuliza unaambiwa una maswali mengi. Hela yenyewe mtu kaidunduliza mwaka mzima!

Juzi nimemkatia mama tena, kupitia Nairobi, kusubiri saa mbili na nusu. Picha ya kwanza ilikuja imekatwa. Nikamwambia wakala atume nzima ndipo nilipe.