asv: Programu ya Kupima Utendaji wa Mradi Toleo kwa Toleo

Kutambua kwamba programu imekuwa nzito si kazi kubwa, kwa kuwa watumiaji wenyewe watasema. Kazi ni kujua badiliko lipi lililoifanya hivyo, miongoni mwa mamia yaliyoingizwa kati ya toleo moja na jingine. asv, ambayo jina lake kamili ni airspeed velocity, ni programu huria iliyotengenezwa kwa ajili ya swali hilo, na imetumiwa na miradi mikubwa ya lugha ya Python kama vile NumPy, SciPy, pandas na Astropy. Nimeitumia kwenye maktaba ya Python ambayo baadhi ya sehemu zake zimeandikwa kwa lugha ya C, na kwa maoni yangu hakuna chombo kingine cha Python kinachoifikia katika kazi hii, ingawa inadai subira ambayo si kila mradi unayo.

Ubora wake mkuu umo katika namna inavyotenganisha vipimo na msimbo unaopimwa. Mtu anayeendesha vipimo vilivyomo ndani ya kila toleo, kisha akapanga namba kwenye jedwali, hulinganisha vitu viwili visivyofanana, maana vipimo navyo huandikwa upya kadiri mradi unavyokua. asv huchukua vipimo vya leo na kuviendesha juu ya msimbo wa jana, wa mwaka jana, au wa toleo la kwanza kabisa: hutoa badiliko husika kutoka Git au Mercurial, mifumo inayotunza historia ya msimbo, huandaa mazingira safi kwa virtualenv au conda, vyombo vya kutenga usakinishaji wa Python, hujenga mradi na kuusakinisha humo, kisha huendesha kila kipimo katika mchakato wake wa pekee ili kimoja kisiathiri kingine. Kama kitendakazi kinachopimwa hakikuwapo enzi hizo, kipimo hicho hushindwa peke yake na mstari wake kwenye grafu huanza pale kilipozaliwa.

Kuandika vipimo ni rahisi. Jina la kitendakazi likianza na time_, asv hupima muda. Likianza na peakmem_, hupima kilele cha matumizi ya kumbukumbu. Na likianza na track_, huhifadhi namba yoyote kinachorudisha. Maandalizi huwekwa kwenye setup, na muda wake hauhesabiwi.

Ugumu huanza unaporudi nyuma katika historia. Amri ya kujenga mradi huandikwa mara moja ndani ya asv.conf.json, faili ya mipangilio ya asv, ilhali mradi wenyewe huenda umebadilisha utaratibu wa ujenzi zaidi ya mara moja, ukatoka faili ya ujenzi ya setup.py na kuhamia ile ya pyproject.toml. Matoleo ya zamani hukataa Python mpya, matoleo mapya hukataa Python ya zamani, na maktaba tegemezi ambazo toleo la kale halikuzifungia namba husakinishwa zikiwa za leo, hivyo tofauti ya kasi inayoonekana inaweza kuwa ya maktaba hizo wala si ya mradi. Inafaa kuzitaja namba za matoleo ya maktaba hizo waziwazi kwenye asv.conf.json kabla ya kupima chochote. Kipimo kinaposhindwa, mwanzoni huambiwi sababu mpaka uongeze chaguo la --show-stderr, uamuzi ambao sijauelewa hadi leo. Tena, mradi wenye C nyingi unahitaji kompaila, programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine, ifanye kazi upya kwa kila badiliko, na hapo chaguo la --steps, linalochagua mabadiliko machache yaliyotawanyika katika historia badala ya yote, huwa la lazima.

Kuhusu usahihi wa namba, asv hurudia kila kipimo, huchukua thamani ya katikati, na amri ya asv continuous, inayolinganisha mabadiliko mawili, hupuuza tofauti iliyo chini ya asilimia 10 isipokuwa umeagiza vinginevyo. Hata hivyo, takwimu haziwezi kuituliza kompyuta isiyotulia. Kichakataji kinachopandisha na kushusha kasi yake kwa kufuata joto, au mashine ya mtandaoni ambayo watu wengine wanaifanyia kazi zao wakati huohuo, huzalisha mipando ya namba isiyohusiana na msimbo. Mpando wa namna hiyo huharibu zaidi amri ya asv find, ambayo hutafuta badiliko lenye lawama kwa kuigawa historia nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 1,000 huhitaji hatua kama 10 tu, lakini hatua moja ikisomwa vibaya, zote zinazofuata hupotea njia. Naipendekeza kwa mruko mkubwa, wa mara mbili au zaidi. Mruko mdogo ni afadhali kuutafuta kwenye kurasa za grafu zinazotengenezwa na asv publish, ambazo hutambua zenyewe mahali mstari ulipopanda na kubaki juu.

Kwa mradi mdogo, haya yote ni mzigo usio na sababu. Pytest-benchmark inatosha kulinganisha matokeo ya leo na yaliyohifadhiwa. Anayetaka kulinganisha matoleo mawili ya programu ya terminali, ya lugha yoyote, atahudumiwa vizuri zaidi na hyperfine.

Anayeamua kuitumia asv azingatie kwamba matokeo huhifadhiwa katika faili za JSON chini ya jina la kompyuta iliyoyatoa, na hiyo ni busara, kwa kuwa sekunde za kompyuta mbili hazilinganishwi. Maana yake ni kwamba siku kompyuta ya vipimo ikibadilishwa, historia ya awali haiendelei. Kwenye kompyuta mpya, basi, ni vyema kupima kwanza matoleo rasmi yaliyokwisha kutolewa, ndipo yafuate mabadiliko ya kila siku.