Tulivyochagua meli yetu ya kwanza Ulaya, tukitokea Dodoma na mama

Naandika haya kwa yeyote aliyeko Dodoma, Singida au Iringa, anayewaza kupanda meli ya kitalii Ulaya kwa mara ya kwanza na hajui aanze na kampuni gani. Tulikuwa watatu: mimi, Baba Neema na mama yangu mzazi kutoka Mvumi, mwenye miaka 68 na goti la kulia linalomsumbua. Tulisafiri mwezi Mei na kampuni ya meli ya MSC, usiku 7, upande wa magharibi wa bahari ya Mediterania, tukipandia Civitavecchia, bandari ya Roma. Tulizunguka sana kabla ya kufikia uamuzi huo, na kuzunguka kwenyewe kulitugharimu fedha.

Tulianza vibaya. Jioni nyingi tulikaa sebuleni Ipagala tukilinganisha picha za meli, yenye bwawa kubwa na yenye ukumbi wa maonyesho, Royal Caribbean na Norwegian na Costa na Celebrity, mpaka macho yakachoka. Kwenye simu meli zote ni nzuri. Lakini picha haikuambii meli itaingia bandari gani, na ukiwa na pasipoti ya Tanzania bandari ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Sababu ni viza. Italia, Ufaransa, Hispania, Malta na Ugiriki zote ziko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inakuzungusha kote huko. Kroatia nayo iliingia tarehe 1 Januari 2023. Lakini meli inayopita Kotor, Montenegro, au Istanbul, au Tunis, inakutoa nje ya Schengen na kukurudisha ndani, na kurudi huko kunahesabika kuwa ni kuingia mara ya pili. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, safari imeharibika hapo. Meli zinazoanzia Southampton kwenda Norway zinavutia sana, ila unahitaji viza ya Uingereza pamoja na ya Schengen. Ni ada mbili na foleni mbili.

Sisi hatukuyajua haya. Wakala mmoja wa Dar, ambaye sitamtaja, alituuzia njia nzuri kwa bei nzuri, tukalipa malipo ya awali, akatujazia fomu za viza. Tulichukua treni ya SGR asubuhi kwenda Dar kuchukuliwa alama za vidole. Dada wa dirishani akaipitia ratiba ya meli kwa kidole, siku baada ya siku. Akasimama siku ya tano. Akaniuliza kwa upole, "Dada, La Goulette iko nchi gani?" Nikamtazama Baba Neema, naye akanitazama mimi. La Goulette ni bandari ya Tunis. Kwenye fomu wakala alikuwa ameweka alama kwenye kuingia mara moja. Tulirudi Dodoma jioni ileile bila kuwasilisha chochote, na kati ya fedha tulizotanguliza tulirudishiwa nusu tu. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa akiba ya mama pia, fedha za zabibu zake.

Siku hiyo tuligeuza utaratibu wote. Tulichukua daftari, tukaandika kwanza ni bandari zipi zinatufaa, kampuni tukaiacha mwisho. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, ratiba yote iwe ndani ya Schengen. Pili, na hili mawakala hawalisemi usipouliza, meli ifunge gatini kila mahali. Kuna bandari ambazo meli kubwa hutia nanga mbali na watu hushushwa kwa boti ndogo. Santorini ni mojawapo: ukishafika nchi kavu kwa boti, mji uko juu kabisa ya jabali, unapanda kwa kibanda kinachovutwa kwa waya, au kwa punda, au kwa ngazi zinazozidi 500. Kwa goti la mama hilo halikuwezekana, ingawa ndiyo picha aliyoipenda kuliko zote.

Baada ya kuchuja hivyo zilibaki njia chache tu, na kampuni ikajichagua karibu yenyewe. Tuliyoichukua ilitoka Civitavecchia kwenda Palermo, Valletta ya Malta, siku moja nzima baharini, kisha Barcelona, Marseille, Genoa na kurudi Civitavecchia. Costa na MSC zote zina njia za aina hii na zote zinaruhusu abiria kupandia bandari tofauti za njia ileile. Costa ni ya Genoa, biashara iliyoanza mwaka 1854, na mambo yake ni ya Kiitaliano hasa. Royal Caribbean ni ya Marekani na Kiingereza ndiyo lugha ya meli nzima. Kama unasafiri na watoto wanaopenda michezo mikubwa ningekushauri uiangalie sana. Norwegian haikupangii saa wala meza ya chakula cha jioni. Viking haichukui aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo familia zisipoteze muda huko. Sisi MSC ilitupa bei nafuu kwa mtu wa tatu katika chumba kimoja, kwa tarehe tulizokuwa na likizo. Matangazo ya melini yalitolewa kwa lugha kadhaa mfululizo, Kiingereza kikiwemo, na ukizoea unajua zamu yako inakuja lini.

Mama alipoziona zile herufi tatu gatini alisema, "Mwanangu, hawa si ndio wenye makontena yanayopita Buigiri?" Ndio haohao. Kampuni ilianza na mizigo mwaka 1970, na makao yake makuu yako Geneva, Uswisi, nchi isiyo na bahari.

Kuhusu chumba, msikubali "chochote kitakachopatikana" kwa sababu tu bei imeshuka. Tulilipia chenye roshani, katikati ya meli na ghorofa za chini kidogo, kwa kuwa hapo meli haiyumbi sana kama kwingine. Ile siku ya baharini kulikuwa na upepo, watu wa mbele walilalamika kuchafukwa tumbo, mama alikuwa ameketi na kanga yake akitazama maji tu. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi zaidi na vijana wanaolala usiku tu kitawatosha. Kwa mzee aliyezoea kuamka alfajiri na kuangalia anga kwanza, ongeza fedha.

Bei ya tangazo haiishii pale, kwa kampuni zote nilizoziangalia. Uliza tozo za bandari kama zimo. Uliza ada ya huduma, ambayo hukatwa kila usiku kwa kila mtu, na kwa njia za Mediterania za MSC na Costa nilikuta ikicheza kati ya yuro 10 na 15. Kwetu watatu kwa usiku 7 ilipita yuro 200. Vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu huwa ni juu yako. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari lazima ikinge angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Ombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Italia. Na mwambie benki yako mapema ifungue kadi kwa malipo ya nje.

Fikeni siku moja kabla. Ndege ikichelewa meli haisubiri. Kutoka uwanja wa Fiumicino tulipanda treni hadi Roma Trastevere, tukabadili hapo kwenda Civitavecchia. Ni safari rahisi hata na masanduku, ila tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Kesho yake basi la kituoni lilitupeleka bandarini, na ndani ya bandari kuna lingine la bure hadi kwenye meli.

Palermo unashuka na kuingia mjini kwa miguu. Genoa vilevile. Marseille gati liko mbali na mji, kwa hiyo panga basi kabla hujashuka. Barcelona tulimwachia mama apumzike asubuhi, tukatoka naye mchana.

Valletta ndiyo iliyonithibitishia kwamba tulichagua sawa. Mji uko juu kilimani, umezungukwa na kuta za ngome, na nilikuwa na wasiwasi na zile ngazi tangu Dodoma. Kumbe karibu na bandari kuna lifti ya Barrakka inayopanda mita 58 hadi bustanini juu. Mama alitoka kwenye lifti bila kushikwa mkono.

Mitaa michache kutoka hapo tulisimama kwenye kiduka cha pastizzi, vitafunio vya unga mwembamba wenye matabaka, ndani vikiwa na jibini au njegere zilizopondwa. Mbele yetu bibi mmoja wa palepale alikuwa akinunua, na muuzaji akimhesabia kwenye mfuko kwa Kimalta. Kimalta kilitokana na Kiarabu. Mama aliinua kichwa. Akanivuta mkono. "Sikiliza. Amesema sita. Na saba!" Muuzaji alikuwa amesema sitta, sebgħa, na mama alikuwa hajasikia neno analolijua kutoka kwa mgeni tangu tuondoke nyumbani.

Zamu yetu ilipofika nilifungua mdomo nianze Kiingereza. Mama akanitangulia. Akaonyesha zile za njegere, akasema kwa sauti yake ya sokoni Mvumi, "Sita." Muuzaji akacheka, akamhesabia sita, moja moja, polepole, wakihesabu pamoja. Tulizila kwenye benchi la bustani ya juu, za moto, mafuta yakilowesha karatasi, meli yetu ikiwa imefungwa gatini chini kabisa.