Ruzuku ya Kianzio Iliyokwama kwenye Risiti ya Ngalawa

Sikukusudia kuandika haya, kwa sababu mtafiti anayelalamikia ruzuku aliyopewa huonekana mchache wa fadhila, lakini barua pepe niliyoipokea wiki iliyopita imenimaliza subira.

Ruzuku yenyewe hutolewa na chuo kikuu kimoja cha Ulaya ili kuwaunganisha watafiti wao na sisi wa huku: fedha kidogo, za mwaka mmoja, zikusaidie kupata takwimu za awali za kuombea mradi mkubwa. Masharti yake kila mtu anaweza kuyasoma. Uchungu wake ni kwamba mshirika wa huku hutanguliza fedha za mfukoni mwake, kisha husubiri kurejeshewa pindi ofisi ya fedha ya kule itakaporidhika na kila risiti.

Tulikuwa tukichunguza mwani aina ya kottoni, ambao wakulima wa mashariki ya Unguja, wengi wao wanawake, huupenda kwa kuwa bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu, aina nyingine ya mwani, ila hauvumilii maji yanapopata joto. Kwa hiyo tulifunga kamba zetu za mwani kwenye kina kirefu, ambako hufiki kwa miguu hata maji yakitoka, na tukakodi ngalawa. Nahodha alitoza shilingi 40,000 kwa safari, na kila mara aliniandikia risiti kwenye karatasi ya daftari, akatia sahihi na namba yake ya simu.

Risiti zote sita zilikataliwa. Ofisi ilitaka ankara yenye nembo ya kampuni, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Nikaandika maelezo marefu ya kistaarabu, nikaambatisha na picha ya ngalawa ikiwa na tanga lake, nikidhani mtu akiona ataelewa. Ofisa akanijibu kwa mstari mmoja usio na hata salamu: safari nyingine nitafute mzabuni anayetambulika. Mzabuni! Pale ufukweni, saa kumi na mbili asubuhi, maji yanatoka, nitangaze zabuni?

Nilirudi kwa nahodha na fomu yao, nikiona haya. Aliigeuza huku na huku, akanirudishia. "Mwalimu, mie risiti nishakupa na sahihi nimetia. Hao wenzio wataka nini tena?" Sikuwa na jibu, na mfukoni sikuwa na nauli ya safari ya saba. Mwani huvunwa ukitimiza wiki sita hivi. Ukipitiliza, matawi hukatika yakachukuliwa na maji. Wakati mimi na ofisi tunaandikiana, mavuno ya mzunguko wetu wa pili yalikwenda hivyo, na pamoja nayo nusu ya takwimu ambazo ruzuku hiyo ilitolewa ili zipatikane.

Haki isemwe, hata hivyo. Mwenza wangu wa kule alinipigania kadiri alivyoweza, na mwanafunzi wangu wa uzamili alikaa wiki tatu katika maabara yao, akarudi na ujuzi ambao mimi nisingeweza kumpa kwa vifaa tulivyonavyo. Kwa ajili yake peke yake nilikuwa tayari kumshauri mhadhiri yeyote kijana aombe, mradi aweke akiba kwanza na akubaliane nao mapema kuhusu risiti za mkono.

Ushauri huo nilikuwa nao mpaka wiki iliyopita. Barua pepe niliyoitaja, iliyojaa salamu safari hii, imetoka chuo kilekile: wanatayarisha kijitabu cha mafanikio ya ruzuku zao, na wananiomba, ikiwezekana kabla ya Ijumaa, niwapatie picha nzuri ya chombo cha asili tulichotumia baharini. Shilingi 240,000 zangu hazikutajwa. Asiombe mtu. Na picha hiyo wanayo tayari. Niliwapelekea pamoja na zile risiti sita.