Katalogi ya matetemeko ya USGS: uzoefu wangu nikiwa mwalimu wa jiografia

Walimu wenzangu mnaofundisha nguvu zinazoathiri dunia kwa mchoro wa ubaoni tu, hebu jaribuni katalogi ya matetemeko ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Ni ya bure na haikudai akaunti. Unachora mstatili kwenye ramani, unachagua miaka na ukubwa wa tetemeko, kisha unapakua faili la CSV, unalifungua kwa Excel. Mimi huchukua eneo la Ziwa Albert hadi Ziwa Nyasa, ukubwa wa 4 kwenda juu, tangu mwaka 2000. Faili ni jepesi, bando halisikii.

Ndani yake kuna mstari wa tarehe 10 Septemba 2016, saa 12:27, ukubwa 5.9, kina kilomita 40. Hilo ni tetemeko la Kagera. Wanafunzi wenye ndugu Bukoba hubisha hapohapo: "Mwalimu, ile ilikuwa alasiri, siyo saa sita!" Wana haki, maana katalogi inatumia saa za UTC, yaani saa za longitudo 0. Ongeza tatu, unapata saa tisa na dakika 27. Mada ya longitudo na majira, ambayo kwa kawaida huwachosha, wanaimaliza wenyewe.

Halafu nawaonyesha la Ziwa Tanganyika, tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa 6.8. Ukubwa ukipanda kwa moja, nishati inapanda karibu mara 32, kwa hiyo tofauti ya 0.9 ni kama mara 22. Wakishapiga hesabu hiyo nawauliza: mbona lililoua watu wengi zaidi ni la Kagera? Hapo kipindi kinakwisha bila mtu kutazama saa. Wanataja kitovu kuwa karibu na makazi, kuta za tofali zisizo na nguzo wala lenta, shule za Ihungo na Nyakato zilizolazimika kufungwa. Safari moja mabishano yaliishia kwenye vibali vya ujenzi na gharama ya nondo, nikawaacha waendelee.

Sasa kasoro, ambayo mimi naipenda kuliko sifa zote. Angalia safu ya kina: 10, 10, 10, ukurasa mzima. Mwanafunzi makini lazima aulize kama matetemeko yetu yamekubaliana kutokea kilomita 10 chini. La hasha. Vituo vya kupimia vikiwa vichache na mbali, kina hakikokotoleki vizuri, kwa hiyo inawekwa namba hiyo ya kukadiria. Mwalimu asiyejua hili anaweza kuchora grafu nzuri ya kina isiyo na maana yoyote. Matetemeko madogo nayo hayatoshi. Kikawaida ukishuka ukubwa kwa moja, idadi huongezeka karibu mara kumi, lakini kwa eneo letu grafu inaanza kulegea ukikaribia 4. Dunia haijatulia hapo, ni vipimo ndivyo haviyafikii.

Kurasa zote ni za Kiingereza, na ukitafuta matukio zaidi ya 20,000 kwa mpigo inakataa, hivyo punguza miaka au eneo.

Kama shule haina kompyuta, chapa mistari hamsini tu na ugawe karatasi za grafu. Ukubwa dhidi ya idadi unachoreka kwa penseli, na kwa kidato cha tatu hiyo inatosha.