Uzoefu wangu na Voyant Tools kwenye darasa la ushairi wa kale

Nafundisha fasihi chuo, na muhula uliopita nusu ya vipindi vyetu vilikuwa mtandaoni, sa nikasema ngoja nijaribu hii Voyant Tools, programu ya mtandaoni ya kuchambua maandishi, ile waliyoitengeneza Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell wa Kanada. Ni bure kabisa, hamna kujisajili, unafungua brauza unapesti maandishi yako unabonyeza, unaletewa wingu la maneno (neno linalojirudia sana ndo linaonekana kubwa), grafu, na kidirisha kinachokuonyesha kila neno limezungukwa na maneno gani.

Nikawapa Utendi wa Mwana Kupona, ule wa 1858, mama wa Pate anamuusia bintiye. Wingu la kwanza lilikuwa kituko, ya, wa, na, kwa, zimejaa skrini nzima. Hiyo ndogo, unaingia kwenye setingi unaandika orodha ya maneno ya kurukwa, imeisha.

Kazi iko kwenye vitenzi. Hii kitu inakata neno penye nafasi, na sisi tunabandika kila kitu kwenye kitenzi, kwa hiyo nimependa, alipenda, wanakupenda, kwake ni maneno matatu yasiyojuana. Kuna ujanja wa kuweka kinyota baada ya mzizi ili ivute maumbo yote, kwa Kiingereza inasaidia sana maana wao wanaongezea mkiani, sisi tunabadilikia kichwani, basi kinyota kinakodoa macho tu. Nilihangaika karibu wiki nzima ndo nikajua, unaandika maumbo yote mwenyewe unayatenganisha na kile kimstari cha wima | halafu inayahesabu kama neno moja. Nikaifanya asainmenti, kila grupu mzizi wake, wakayawinde maumbo yote wenyewe, na nawaambia kweli miaka yote hii sijawahi kuona watu wanagombania viambishi WhatsApp saa tano usiku.

Afu kuna lahaja. Dada mmoja alitafuta "njoo" akapata sifuri, akaniandikia mwalimu hii programu mbovu. Mwenzake akatuma skrinshoti, kaona "ndoo" jirani na wino na karatasi, anauliza hii ndoo ya maji inafanya nini hapa 😂 Kumbe Kiamu hicho, lahaja ya Lamu, "ndoo mbee" ni njoo mbele. Tulikuwa na kijana wa Lamu, wiki sita hajawahi kufungua maiki, siku hiyo alifundisha yeye, mimi naandika notsi.

Kwa simu sikushauri, vile vidirisha vinabanana na wengi wangu wana simu tu, wakawa wanakaa watatu kwa laptop moja. Kama bando ni tatizo, kuna toleo la kushusha ukaliendesha kwenye kompyuta yako bila intaneti, mimi ndo nalitumia darasani siku hizi. Ila usitegemee likufanyie na usahihishaji, hiyo utahangaika na mfumo wa chuo kama mimi, wetu ulikufa usiku wa kukusanya kazi nikapokea karibu zote WhatsApp, nyingine kwa picha za daftari.

Nyota nne kati ya tano. Muhula huu natumia tena utendi uleule, na mambo ya ndoo sijawaambia.