Ashes ya wanawake 2023, Uingereza na Australia: naipa nyota nne na nusu

Kama hujawahi kufatilia kriketi ya wanawake na unatafuta pa kuanzia basi anza na hii, Ashes, yaani mashindano ya Uingereza na Australia, ziara ya Australia kule Uingereza, Juni na Julai 2023. Mechi saba: Testi moja (mechi ndefu ya siku kadhaa, kila timu inapiga zamu mbili), T20 tatu (kila timu inapiga ova 20, na ova moja ni mipira sita) na za ova 50 tatu. Nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu niliyokata nitaeleza huko chini.

Utamu wa ziara hii unatokana na mfumo wa pointi. Ziara nyingi kila aina ya mechi ina kombe lake, huyu anachukua T20, yule anachukua za ova 50, afu wote wanaenda nyumbani wanajisifu na wewe mtazamaji hujui nani kamshinda nani. Hawa tangu 2013 wanaweka kila kitu kwenye kapu moja. Testi ina pointi nne, zile sita zilizobaki kila moja ina mbili, jumla 16, na anayeshikilia kombe akifika 8 tu linabaki kwake, mpinzani ndo lazima azidi. Kwa hiyo hakuna mechi ya kupasha misuli hapa, ya kwanza kabisa inakubana mpaka ya mwisho.

Testi ilikuwa Trent Bridge, Nottingham, na walipewa siku tano. Hii ni kubwa kuliko inavyosikika, maana Testi za wanawake mara nyingi zinapewa siku nne, mvua ikipiga kidogo tu mechi inaisha sare na watu wanasema wanawake Testi haziwafai, wakati shida ni muda! Wakapewa muda na ona kilichotokea. Australia mikimbio 473 (mikimbio ndo mabao ya kriketi), Annabel Sutherland 137 na hakutolewa, Ellyse Perry katoka na 99, yaani alibakiza mkimbio mmoja tu afike mia, nilimwonea huruma kabisa. Uingereza wakajibu 463 na humo Tammy Beaumont peke yake kapiga 208, hakuna mwanamke wa Uingereza aliyewahi kufika hapo kwenye Testi, rekodi ya zamani ilikuwa 189 ya Betty Snowball tangu 1935. Sophie Ecclestone wa Uingereza naye kachukua wiketi 10, yaani katoa wapigaji 10, mechi nzima. Mtu anapiga 208, mwingine anachukua wiketi 10, na bado wamefungwa kwa mikimbio 89, kwa sababu Ashleigh Gardner wa Australia na mpira wake wa kuzungusha alichukua wiketi 8 kwa mikimbio 66 kwenye zamu ya mwisho. Walitakiwa kufikisha 268 wakaishia 178. Siku ya tano asubuhi iangalie bila kuruka, unaona wapigaji wanajua kabisa mpira unakuja kugeuka na bado hawana la kufanya.

T20 ya kwanza Edgbaston Australia wakashinda tena, ukabaki mpira mmoja, sasa ni 6 kwa 0. Mtu wa kawaida angezima tv hapo. Usizime, maana kuanzia hapo Uingereza kila mechi ni kufa au kupona, wakipoteza yoyote Australia, ambao ndo walikuwa nalo, wanafika 8 na kombe linabaki kwao. Uwanja wa The Oval wakashinda kwa mikimbio 3. Lord's, mbele ya watu 21,610, wakashinda tena, mvua ikiwa imepunguza ova. Bristol nahodha Heather Knight kabaki pale na 75 bila kutolewa mpaka wakavuka, zimebaki wiketi mbili tu, na ubao ukasoma 6 kwa 6. Mimi hii sehemu nimeirudia kuiangalia na bado moyo unadunda.

Southampton ndo iliyoumiza. Nat Sciver-Brunt wa Uingereza kapiga 111 hakutolewa, kasimama mpaka mpira wa mwisho, na timu ikakosa kwa mikimbio 3, ileile idadi iliyowaokoa The Oval. Australia wakafika 8, kombe likabaki kwao. Taunton siku mbili baadae Sciver-Brunt huyohuyo kapiga 129, Uingereza wakashinda kwa 69, ikaisha 8 kwa 8. Na hawa Australia walikuja bila Meg Lanning, nahodha wao, aliyekosa kwa sababu za kiafya, Alyssa Healy ndo aliongoza, kwa hiyo heshima yao ni kubwa zaidi.

Sasa ile nusu nyota. Uingereza walishinda mechi nne kati ya saba, walichukua T20 mbili kwa moja na za ova 50 mbili kwa moja, na kombe hawakupata. Wapo wanaosema pointi nne za Testi ni nyingi mno. Mimi sikubali, siku tano za kazi haziwezi kuwa na uzito sawa na jioni moja ya ova 20. Kasoro kwangu ni kwamba Testi yenyewe ni moja tu. Timu ikiteleza pale Trent Bridge haina nafasi nyingine ya kujirekebisha kwenye mechi ya aina hiyo, inabaki kukimbizana na pointi kwenye mechi fupi wiki tatu zilizobaki. Wekeni Testi mbili jamani, wachezaji wameshaonyesha wanaziweza.

Na usidanganyike ukaanza na ile ya 2025 kule Australia. Mfumo ni uleule lakini Australia walishinda zote, 16 kwa 0, kombe wameshalihakikisha kwenye mechi ya nne tu, na Testi ya Melbourne ikaisha siku ya tatu. Pointi zinanoga pale timu zinapokaribiana nguvu, ikiwa upande mmoja umezidi hivo unabaki unaangalia Sutherland akipiga 163, jambo zuri sana, ila presha hakuna.

Mwenye muda mchache achukue siku ya tano Trent Bridge, afu The Oval, Bristol na Southampton, kwa mpangilio huohuo, na asisome matokeo ya mechi inayofuata kabla hajamaliza aliyonayo (najua nimeshayataja hapa, lakini The Oval na Southampton hata ukijua matokeo zinakubana vilevile). Mwenye muda wa kutosha aiangalie Testi yote.